Nambari ya risasi si kipimo cha nguvu zake

WAKAZI wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Makongeni hadi Buruburu na Dandora, huzijua tarakimu za risasi kupitia taarifa za polisi: bastola ya milimita 9, bunduki ya AK-47 ya milimita 7.62. Wengi hudhani kuwa kadiri nambari inavyokuwa kubwa ndivyo risasi inavyokuwa kali. Sisi wahariri tumechangia kuieneza dhana hiyo.

Nambari hiyo, yaani kaliba, huonyesha upana wa tundu la mtutu tu. Chukua kaliba ya .375, iliyobuniwa na kampuni ya Holland & Holland ya Uingereza mwaka 1912 na kupendwa mno na wawindaji wa Afrika Mashariki. Upana wake ni takriban milimita 9.5, karibu sawa na ule wa bastola. Lakini risasi yake ina uzito wa gramu 19 hivi, na ganda refu lililojaa baruti huirusha kwa kasi ya takriban mita 770 kwa sekunde. Nguvu zake hushinda zile za bastola zaidi ya mara kumi.

Uzito na kasi havitoshi. Risasi yenye ncha laini ya risasi tupu hutanuka inapoingia mwilini, hivyo humfaa swala au kongoni. Kwa ndovu, ambaye fuvu lake ni nene, huhitajika risasi ngumu iliyovikwa chuma, isiyotanuka wala kupinda.

Mskoti W.D.M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7. Alikuwa amepasua mafuvu kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo. Asiye na ujuzi huo humwachia mnyama jeraha, na nyati aliyejeruhiwa humvizia mwindaji kichakani. Ndiyo maana nchi kadhaa zinazoruhusu uwindaji haziruhusu wanyama wakubwa wapigwe kwa kaliba iliyo chini ya .375.

Joto nalo lilileta taabu. Baruti ya Uingereza ya enzi hizo ilizidisha msukumo katika jua la Afrika, maganda yakakwama kwenye mtutu wakati mnyama anakuja. Watengenezaji wakalazimika kupunguza kipimo cha baruti kwa nchi za joto.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya mwaka 2013 ikaweka adhabu kwa wanaowinda kwa kujifurahisha. Tanzania ingali inauruhusu kwa leseni. Hapa kwetu uamuzi huo umebaki kwa askari wa wanyamapori, kama walipompiga risasi simba Mohawk karibu na Isinya, Kajiado, Machi 2016, baada ya kutoka Mbuga ya Taifa ya Nairobi na kumjeruhi mtu.