Rupia ya Mombasa: Sarafu ya kampuni iliyopiga kambi Shimoni

MIONGONI mwa sarafu zinazosakwa mno na wakusanyaji wa sarafu kongwe za Afrika Mashariki ni rupia ya fedha iliyochapwa mwaka 1888, yenye jina la Mombasa upande mmoja na la kampuni ya Kiingereza upande wa pili. Historia yake haiwezi kusimuliwa bila kutaja Shimoni, kijiji cha wavuvi kilichoko takriban kilomita 80 kusini mwa Mombasa, mkabala na kisiwa cha Wasini.

Kampuni yenyewe ilikuwa Imperial British East Africa, chini ya Sir William Mackinnon. Mnamo Mei 1887, Sultani Barghash wa Zanzibar aliwakodisha Mackinnon na wenzake pwani yote kuanzia mto Umba, karibu na Vanga, hadi Kipini. Mnamo Septemba 1888, Malkia Victoria aliipa kampuni hiyo hati ya kutawala. Shimoni hutajwa kuwa mojawapo ya vituo vyake vya mwanzo, na majengo ya enzi hizo za utawala wa Waingereza, likiwemo gereza, yangali yanaonekana kijijini humo.

Kampuni iliyokabidhiwa ushuru wa forodha ilihitaji sarafu. Pwani wakati huo ilitumia reale ya Maria Theresa pamoja na rupia ya India, na kampuni ikaona heri kufuata vipimo vya rupia. Kwa hivyo rupia ya Mombasa ina uzito wa gramu 11.66, sawa kabisa na ile ya India. Herufi H iliyo juu yake ni alama ya kiwanda cha Heaton, jijini Birmingham.

Mwaka 1890 zilifuata nusu rupia, robo rupia na sarafu ya ana mbili. Rupia moja ilikuwa ana 16, na ana moja pesa nne. Yaani pesa 64 kwa rupia. Neno "pesa" ambalo leo humaanisha mali yoyote ya kununulia lilikuwa basi jina la kipande kidogo cha shaba.

Pesa hiyo ya shaba, iliyochapwa Birmingham na pia Calcutta, ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi, na pengine ndiyo ya kuvutia zaidi. Ina miaka miwili: 1888 ya Kizungu na 1306 ya Hijria. Mwaka huo wa Hijria ulianza Septemba 1888, mwezi uo huo kampuni ilipopewa hati yake. Mizani iliyochorwa juu yake haikuwa ngeni machoni pa wafanyabiashara, kwani pesa ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria ilikuwa tayari na mizani. Kampuni iliazima alama ambayo watu walikuwa wameshaiamini.

Upande wa pili kuna jua lenye taji, pamoja na wito wa kampuni kwa Kiingereza, maana yake "Nuru na Uhuru". Wito huo unapaswa kusomwa ukiwa umesimama Shimoni. Kijiji kilipata jina lake kutokana na mapango ya mawe ya matumbawe, na kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, humo ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri majahazi ya kwenda Unguja.

Haikuwa maneno matupu moja kwa moja. Mnamo Januari 1, 1889, huko Rabai, kampuni iliwapa hati za uhuru watoro takriban 1,400 waliokuwa wamekimbilia misheni, baada ya kuwalipa mabwana zao fidia. Hata hivyo, utumwa wenyewe haukupigwa marufuku kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Kampuni ilikuwa imekwisha kuondoka: iliishiwa na fedha, na mnamo Julai 1, 1895 serikali ya Uingereza ikatwaa nchi.

Ng'ambo ya Vanga, Wajerumani nao walichapa pesa yao ya shaba kuanzia 1890, yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Baadaye walileta "heller", ambayo Waswahili waliigeuza kuwa hela.

Zilizofuata upande wa Kenya zina mashabiki wake. Senti ya alumini ya 1907 ni miongoni mwa sarafu za kwanza za madini hayo duniani, lakini iliharibika upesi na ikabadilishwa. Florini ya 1920 haikudumu, kwani shilingi iliingia mara moja. Nazo senti tano na kumi za 1936 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyeacha kiti kabla ya mwaka kwisha.

Rupia ya kampuni ina adui wawili. Wa kwanza ni tanuri la sonara, maana fedha hubaki fedha hata sarafu inapokoma kutumika, na bangili haina tarehe. Wa pili ni usafi. Anayeisugua pesa ya shaba kwa ukwaju na jivu hadi ing'ae huifutia mistari ya mizani na kuishusha thamani papo hapo. Iachwe ilivyo, ishikwe ukingoni, ihifadhiwe pakavu mbali na hewa ya chumvi.

Mnunuzi naye asidanganywe na tarehe. Reale ya Maria Theresa huandikwa 1780 hata ikiwa imechapwa karne mbili baadaye.

Aidha, kuna suala la sheria. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kitu cha kale chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu au waraka, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na kukitoa nchini huhitaji kibali. Kwa hivyo rupia ya 1888 iliyookotwa shambani Shimoni na kuuziwa mtalii hotelini Diani haiwezi kuvuka uwanja wa ndege kihalali bila karatasi hiyo. Pesa ya mwaka 1897 yenye sura ya Malkia Victoria, iliyochapwa miaka miwili baada ya kampuni kuondoka, haiguswi na mpaka huo wa 1895.