Kabla ya dada wa kazi, jiko lilikuwa la boi

Dar es Salaam msichana wa kazi za ndani ana majina mengi: dada, hausigeli, na wenye utani wao wamembatiza "beki tatu". Mwambie kijana wa leo kwamba babu yake alikuja mjini kufua, kupiga pasi na kumpikia mzungu supu, atadhani unamtania.

Ndivyo ilivyokuwa Tanganyika na Kenya ya kikoloni. Mpishi mwanamume, dobi mwanamume, mwandaa meza mwanamume ndani ya kanzu nyeupe. Wengi wao waliitwa "boi", hata mwenye mvi na wajukuu. Mwanamke aliyeajiriwa humo aliingia zaidi kwa mlango mmoja, wa kulea mtoto, naye akaitwa yaya.

Chanzo kikubwa kilikuwa kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898. Kenya, Waingereza wakafuata 1901. Kodi ilitaka fedha, na wa kuitafuta alikuwa baba mwenye nyumba au mwanawe, basi ndiye aliyeshuka mjini. Serikali na wazee wa vijijini hawakukubaliana mengi, lakini hapa waliafikiana: mwanamke abaki shambani. Aliyekuja mjini peke yake aliitwa malaya kabla hajatua mzigo.

Mpishi maarufu kuliko wote ni Kamante, Mkikuyu aliyemfanyia kazi Karen Blixen, Mdenmark mwenye shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong hadi 1931. Kwao Kamante, chungu kilikuwa cha mama. Lakini katika kitabu alichokitoa 1937, Blixen anamsifu kuwa fundi hasa wa mapishi ya Kizungu, ingawa mwenyewe hakuyatamani. Aliona heri hindi lake.

Boi huyohuyo aliyekanda unga wa keki wiki nzima, akirudi kijijini likizo alikaa kitini akasubiri kusongewa ugali. Wala hakuona mgongano wowote. Kule ilikuwa kazi, huku ilikuwa nyumba. Mshahara ndio uliomruhusu kushika mwiko bila kuchekwa.

Nao mshahara aliupigania. Wapishi, madobi na watumishi wa Dar es Salaam waliunda chama chao zama za ukoloni, na mwaka 1956 wafanyakazi wa majumbani na hotelini jijini humo waligoma. Mwaka huohuo Ferdinand Oyono wa Cameroon alitoa riwaya ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Boi.

Baada ya Uhuru wazungu waliondoka mmojammoja, na nyumba zao za Oysterbay wakaingia maofisa wetu. Viwanda na ofisi vikawavuta wanaume. Mke wa ofisa naye akapata kazi ya kuajiriwa, akahitaji wa kumwachia mtoto. Huko kijijini alikuwapo binti aliyemaliza darasa la saba akakosa nafasi ya sekondari. Akaletwa na shangazi, mara nyingi kama ndugu, kwa ahadi ya kupelekwa kwenye ushonaji. Ndugu hadai nyongeza, wala hagomi. Mtafiti Janet Bujra aliandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2000, juu ya namna kazi hii ilivyotoka mikononi mwa wanaume wa Tanzania ikaingia kwa wanawake.

Leo tunaambiwa kazi hizo ni za kike kwa maumbile. Mimi naona ujira ulishuka kwanza, maumbile yakasingiziwa baadaye. Tazama upishi unaofanyika hadharani na kulipwa papo hapo: chipsi, mishikaki, masufuria ya pilau la harusi. Wanaume watupu. Mama lishe, nakiri, ananivurugia hoja kidogo, ila hata yeye akipata mtaji wa kufungua hoteli, jikoni huenda ukamkuta kijana mwenye aproni.

Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimpangia mtumishi wa nyumbani kwa mwanadiplomasia shilingi 250,000 kwa mwezi. Yule anayelala kwa mwajiri wa kawaida, ambaye aghalabu ndiye binti wa shangazi, ilimpangia 60,000.