Ka waya mbele ya gari: historia ya kupasha motere moto kwenye baridi



Wenzetu walioenda kusoma ao kuishi Winnipeg, Edmonton ao Fargo wanatuma picha za theluji, na kwenye picha zile kuna kitu ambacho wengi huku wanauliza: juu ya nini gari liko na waya wa umeme unaotoka mbele, kama pasi ao frigo? Jibu la haraka ni kwamba ni gari la umeme. Mara nyingi haiko vile. Ni gari la esansi, ao siku hizi la haibridi, yaani lenye motere ya esansi na motere ya umeme pamoja. Waya ule ni wa kupasha motere moto kabla ya kuwasha. Mimi nimefuata historia yake, na naona inatuhusu hata sisi ambao hatujaona theluji.

Tuanze na tatizo lenyewe. Baridi ikifika digrii 30 chini ya sifuri, mambo matatu yanakuja pamoja. Mafuta ya motere yanakuwa mazito sawa asali. Batri inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Tena esansi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo haishiki moto upesi. Ona ubaya wake: motere inadai nguvu nyingi zaidi ya kuzungushwa, saa ileile batri iko na nguvu kidogo zaidi ya kutoa. Hata ikiwaka, kwa muda kidogo mafuta mazito hayafiki fasi zote, na vyuma vinasuguana karibu vikavu.

Mwanzoni watu waliwasha gari kwa manivela, kwa nguvu ya mkono. Mwaka 1912 Cadillac ikaanza kuuza magari yenye kuwashwa kwa umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering. Mkono ukapumzika, lakini baridi ikabaki. Marubani wa ndege ndogo za kaskazini mwa Kanada na Alaska, katika miaka ya 1920 na 1930, walikuwa na desturi yao: jioni wanamwaga mafuta ya motere ndani ya chombo, wanalala nayo karibu na jiko. Asubuhi wanafunika motere kwa turubai, wanaweka moto chini yake, kisha wanarudisha mafuta yakiwa ya moto. Mara ingine turubai na ndege viliungua pamoja. Katika baridi ya 1941, jeshi la Ujerumani mbele ya Moscow liliwasha moto chini ya magari yake, ao liliacha motere zikizunguka bila kazi, zikila mafuta ambayo tayari yalikuwa machache. Jeshi lenye vyuma vingi vile, lakini asubuhi linahangaika na kuni.

Basi nani alileta dawa? Jina ambalo liko kwenye hati ya uvumbuzi ya Marekani ya mwaka 1949 ni Andrew Freeman, mtu wa Grand Forks, North Dakota. Aliweka kipande chenye kupashwa na umeme kwenye nafasi ya bolti moja kati ya zile zinazokaza kichwa cha motere. Usiku unachomeka waya kwenye prizi, na asubuhi maji yanayozunguka motere yako na joto.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Freeman hakuwa bosi wa kiwanda cha magari. Alikuwa anaongoza Minnkota, ushirika wa umeme wa vijijini. Mwaka 1935, serikali ya rais Franklin Roosevelt ilipoanzisha ofisi ya kupeleka umeme vijijini, karibu shamba 1 tu kwa 10 ndilo lilikuwa na umeme Marekani. Wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika, wakakopa pesa kwa riba ndogo, wakasimamisha poste zao wenyewe. Kufika katikati ya miaka ya 1950, karibu mashamba 9 kwa 10 yalikuwa yameunganishwa. Kifaa cha Freeman kingekuja mwaka 1930, mkulima angekichomeka wapi?

Ni hapo naona kiini cha historia hii. Watu wa Grand Forks walikuwa na baridi tangu zamani. Kitu kipya kilikuwa prizi kwenye ukuta wa banda. Na mtu aliyeona uhusiano kati ya hivi viwili alikuwa mtu aliyeuza umeme na ambaye gari lake lilikuwa linamkatalia asubuhi.

Baadaye vilikuja vifaa vya namna nyingi. Kuna kile kinachoingia ndani ya chuma cha motere na kupasha maji, mara nyingi cha wati 400 mpaka 1000. Kuna bamba linalobandikwa chini ya sinia ya mafuta, linalotumia umeme kidogo zaidi, na linapasha mafuta yenyewe. Huko Kanada serikali inashauri usikiache usiku kucha: weka saa ya kukiwasha, masaa mawili hivi kabla ya kuondoka yanatosha. Miji ya kule iko na maegesho yenye prizi, na wenye nyumba wanahesabu umeme ule ndani ya kodi.

Wengi walidhani haibridi itamaliza hadithi hii. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi wa 12 mwaka 1997, na batri yake kubwa inazungusha motere bila shida ya zamani. Lakini shida ilirudi kupitia mlango mwingine. Haibridi inaokoa esansi kwa kuzima motere kila inapoweza. Wakati wa baridi, motere iliyozimwa inapoa, na abiria nao wanataka joto ndani ya gari, joto ambalo linatoka kwa maji ya motere. Basi kompyuta inawasha motere tena, hata gari likiwa limesimama, ili kutafuta joto tu. Faida yote inaanza kuvuja.

Wahandisi wa Toyota wakajibu kwa kitu ambacho mama zetu wote wanakijua: termosi. Prius ya kizazi cha pili, kwa soko la Amerika ya Kaskazini, ilikuwa na termosi ya lita kama 3. Gari likizimwa, maji ya moto yanaingia humo na yanaweza kukaa na joto mpaka siku 3. Kabla motere iwake, pampu ndogo inayarudisha. Kusudi kubwa lilikuwa kupunguza moshi mchafu wa dakika za kwanza. Kizazi cha tatu kikaacha termosi, kikachukua joto la moshi wa egzosi kupasha maji. Na wenye magari wa Winnipeg? Wengine walirudi kwa dawa ya Freeman: waya mbele, bamba chini ya mafuta, na kipande cha sponji kuziba matundu ya mbele ili upepo usipoze motere. Motere ikianza na joto, haibridi inaweza kuizima mapema na kutembea kwa umeme.

Tunapenda kusema kwamba nchi hii inangoja wavumbuzi. Mimi nasema wavumbuzi wako, hata leo kwenye garaji za Lubumbashi na Bukavu. Kitu kinachokosa ni prizi. Mto Kongo unapita Inga na nguvu yake yote, na mtaa wa mwanafunzi wa umeme unalala gizani. Wakulima wa North Dakota hawakungoja kampuni kubwa iwaonee huruma. Walijiunga, wakakopa pamoja, wakalipa pamoja. Ka waya kale kalikuja nyuma ya poste.

Kwa hiyo swali langu kwa wanaosoma umeme, sheria na uchumi kwenye ukurasa huu: ushirika wa umeme wa mtaa mmoja tu, wenye nyumba 200 hivi, ungehitaji nini ili uanze kwetu? Andikeni chini, na hesabu zenu.