Watoto na wadudu wa bustani: kazi gani wapewe, kipi wasiguse

Mayai ya wadudu yaliyobandikwa chini ya jani la sukumawiki, ambayo mtu mzima mpaka ainame ndipo ayaone, yako usawa wa uso wa mtoto wa miaka mitano. Ndiyo maana kazi inayomfaa mtoto bustanini ni kutafuta. Kupiga dawa si kazi yake hata kidogo.

Wadudu wa kutafutwa

Vidukari ni wadogo na laini, wa kijani au weusi, nao hujazana chini ya majani machanga ya sukumawiki, kunde na bamia. Mtoto aonyeshe walipo, mzazi awaoshe kwa maji.

Sota hukata miche usiku na mchana hujificha ardhini. Ukikuta mche umelala, mpe mtoto kijiti afukue taratibu kando ya shina. Mara nyingi sota yupo hapo hapo, amejikunja.

Viwavijeshi vamizi waliingia Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata wakaonekana Tanzania. Nondo wao hutaga mayai kwa mafungu kwenye majani ya mahindi, fungu moja likiwa na mayai 100 hadi 200 hivi, yamefunikwa na kitu kama ukungu wa kijivu. Huanguliwa ndani ya siku chache tu. Ukiponda fungu moja, umeua zaidi ya viwavi mia kabla hawajala jani. Kiwavi aliyekua ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Mtoto aliyeanza kusoma hufurahia kuitafuta hiyo Y.

Namna ya kufanya

Mpe kopo lenye maji ya sabuni na kijiti, mgawie mstari mmoja wa mimea, nawe uwe karibu. Dakika 15 za asubuhi au jioni zinatosha, mara mbili kwa wiki. Mwambie ahesabu aliowapata, kisha umshukuru. Wadudu wasiotiwa kwenye sabuni wapewe kuku, iwapo bustani haijapigwa dawa. Mwisho anawe mikono kwa sabuni. Kazi hii isimcheleweshe shule.

Wasioguswa

Mfundishe kwanza kuita mtu mzima anapoona kiwavi mwenye manyoya, kwa kuwa wengine huwasha vikali. Vivyo hivyo kwa mdudu mwembamba mwenye rangi nyeusi na nyekundu, ambaye akipondwa mwilini hubabua ngozi. Konokono aokotwe kwa kijiti au jani, si kwa mkono. Asiingize mkono kwenye shimo, chini ya jiwe wala ndani ya majani marefu, maana huko hukaa nyoka na nge.

Wapo pia marafiki wa mkulima. Mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi hula vidukari. Buibui, chura na kinyonga nao hula wadudu. Hao waachwe.

Kazi ya uani

Mara moja kwa wiki, watoto wazunguke uani wakimwaga maji yaliyotuama kwenye makopo, vifuu na matairi. Mbu huhitaji siku 7 hadi 10 hivi kutoka yai hadi kuruka, hivyo maji yakimwagwa kila wiki hawamalizi kukua.

Dawa za wadudu

Sumu huingia kwa ngozi, pumzi na mdomo, na mwili mdogo huzidiwa upesi. Mtoto asichanganye dawa, asishike bomba la kupulizia wala asifue nguo za mpigaji. Usihifadhi dawa kwenye chupa ya soda au ya maji; mtoto mwenye kiu hawezi kujua. Bustani ikipigwa dawa, asiingie wala asichume mboga mpaka siku zilizoandikwa kwenye kibandiko zipite.

Dawa ikimmwagikia, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Akiinywa, usimtapishe. Kwa vyovyote, mkimbize kituo cha afya pamoja na kopo la dawa hiyo, ili mganga ajue ni sumu gani.