"Uhai" na "Maisha" katika Sheria ya Kutoa Mimba

Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na mahakama Tanzania Bara. Hatuna budi, basi, kuyachungua maneno ya Kanuni ya Adhabu yahusuyo utoaji mimba, ambayo yalitungwa kwa Kiingereza zama za ukoloni, na asili yake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1861.

Kifungu cha 150 chamtisha kwa kifungo cha miaka 14 mtu atumiaye dawa, nguvu au njia nyingine, isivyo halali, kwa nia ya kumtoa mwanamke mimba, awe anayo au hana. (Hilo la mwisho huwashangaza wengi.) Maneno "isivyo halali" huonekana kama pambo tu. Sivyo. Mwaka 1938, mjini London, daktari Aleck Bourne alishtakiwa kwa kumtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa. Jaji Macnaghten alieleza kwamba neno hilo halikuwekwa bure: ikiwa upo utoaji usio halali, upo pia ulio halali, yaani ule wa kumwokoa mama. Tena alikataa kutenga kabisa hatari ya kufa na hatari ya kuharibikiwa afya ya mwili au ya akili. Bourne aliachiliwa, na mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliifuata hukumu hiyo.

Kazi ya mfasiri yaanzia hapo. Kifungu cha 230 humkinga mpasuaji atendaye kwa nia njema na ustadi ili kuhifadhi kitu ambacho Waingereza wana neno moja tu la kukitaja. Sisi tunayo mawili. "Uhai" ni kinyume cha kifo. "Maisha" ni hali nzima ya kuishi. Likiandikwa "uhai" peke yake, daktari mwoga atangoja hadi mgonjwa awe mahututi. Likiandikwa "maisha", wapo watakaolalamika kwamba mlango umeachwa wazi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 26(4), iliepuka utata huo kwa kuitaja afya waziwazi. Sisi twachagua "uhai", kwani kuongeza afya ni kazi ya Bunge, wala si ya mfasiri. Lakini hukumu ya 1938 ifundishwe pamoja na neno hilo.

Kifungu hicho hicho chataja "mtoto ambaye hajazaliwa". Madaktari wangependelea "kijusi". Twashauri libaki "mtoto", maana ndivyo sheria ilivyosema, hata kama neno hilo laelemea upande mmoja wa mjadala.