"Waliokula Bei": Hati za Uuzaji wa Ardhi katika Kisumeri

Miongoni mwa mabamba ya udongo yaliyochimbuliwa Fara, kusini mwa Iraki, mahali palipokuwa mji wa Shuruppak, zimo hati za mauzo ya mashamba na nyumba zilizoandikwa yapata mwaka 2600 K.K. Ni hati fupi, kavu. Hutaja bei, ukubwa wa shamba kwa kipimo cha iku (takriban mita za mraba 3,600), wauzaji, mashahidi na mnunuzi.

Hata hivyo, lugha yake yafichua mengi. Muuzaji huitwa "mtu aliyekula bei". Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kula mali na kula kiapo, hatashangazwa na usemi huu. Lakini mfanano huo ni wa fikra tu, kwani Kisumeri hakijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote. Tena ulaji wenyewe haukuwa tamathali tupu. Juu ya bei palikuwapo malipo ya ziada na zawadi, na katika zawadi hizo mlikuwamo nguo, mikate na samaki.

Swali kubwa ni nani waliopokea. Aghalabu shamba moja lina wauzaji kadhaa, na nyuma yao wapo wengine wanaopata sehemu ndogo, jamaa ambao baadhi ya hati huwaita "wana wa shamba". Hapa ndipo nadharia ya Anton Deimel ilipokwama. Katika miaka ya 1930 yeye alishikilia kwamba karibu ardhi yote ya dola ya Kisumeri ilikuwa mali ya mahekalu. Kosa lake lilikuwa kuichukua hazina moja ya kumbukumbu, ya hekalu la mungu-jike Bau huko Girsu, kuwa kioo cha nchi nzima. Diakonoff, na baadaye Gelb, walizirudia hati za mauzo wakauliza swali jepesi: ikiwa ardhi yote ni ya hekalu, mbona jamaa hawa wanalipwa?

Jiwe jeusi la Manishtushu, mfalme wa Akkad wa karne ya 23 K.K., lililopatikana Susa na kuhifadhiwa Louvre, limeandikwa kwa Kiakkadi, ila desturi ni ile ile. Mfalme aliyenunua maelfu ya hekta alilipa bei, akawapa jamaa zawadi, akawalisha mashahidi.