Daraja la Meno na Nguzo Zake



Sisi tuliosomea uhandisi tukisikia neno daraja, fikra zetu huenda kwenye mto, nguzo na mzigo. Daktari wa meno naye akituambia atatuwekea daraja, maana yake ni ile ile. Jino limetoka, pengo limebaki. Meno mawili ya kando huchongwa na kuvikwa kofia, nayo huwa nguzo. Jino la bandia hushikiliwa katikati. Kofia huweza pia kuvikwa jino moja peke yake, lililovunjika au kuoza, ili lisizidi kumeguka. Kazi ya kuziba mapengo ina historia ya miaka zaidi ya 2,600, na ina funzo kwetu tunaoishi katika nchi ambazo tabasamu limekuwa biashara kubwa.

Tuanze Italia ya kale. Kabla ya Roma kuwa dola, Waetruski walikuwa wakitengeneza ukanda mwembamba wa dhahabu uliozunguka meno ya mbele na kushika jino la bandia kwa pini. Waliovaa walikuwa zaidi wanawake wa tabaka la juu. Watafiti waliochunguza mabaki hayo wanaona kuwa baadhi yao waling'olewa meno yaliyokuwa mazima ili dhahabu ipate nafasi. Lilikuwa pambo. Sisi watu wa pwani hatushangai, kwani tunawakumbuka bibi zetu, wakicheka jino la dhahabu linamulika.

Karne ya 18 ilikuwa na taabu zake. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja tu la kwake. Wengi husema meno yake ya bandia yalikuwa ya mti, si kweli. Seti ya mwaka huo ilichongwa kwa jino la kiboko, ikaachwa tundu la kupitisha lile jino lake. Jino la kiboko ni gumu na halibadiliki rangi upesi kama pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 lilikuwa pia miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Unguja. Daftari la shamba lake la mwaka 1784, shamba lililotegemea watumwa, limeandika malipo kwa watu weusi kwa ajili ya meno 9. Haliandiki yaliishia kinywani mwa nani. Pengo la tajiri lilizibwa kwa pengo la maskini.

Ufumbuzi ulitoka kwenye tanuri. Mwishoni mwa miaka ya 1880, Charles Land wa Detroit, babu yake rubani Charles Lindbergh, alioka kofia za kauri juu ya bati jembamba la platini. Zilipendeza, lakini zilivunjika kirahisi. Mwaka 1907 William Taggart alionyesha namna ya kumimina dhahabu katika umbo lililoachwa na nta iliyoyeyushwa, na kofia ikakaa sawasawa na jino. Ikabaki kuunganisha uzuri wa kauri na nguvu ya madini. Hapa ndipo mhandisi hutabasamu: vitu viwili vikipoa kwa kusinyaa kwa viwango tofauti, kimoja hupasuka. Hataza za mwaka 1962 huko Marekani zilieleza kauri iliyochanganywa hata ikasinyaa karibu sawa na madini yaliyo chini yake.

Hata hivyo, kanuni za nguzo hazikubadilika. Kwa unene ule ule, daraja lenye meno mawili ya bandia hupinda mara 8 ya lile lenye jino moja. Lenye matatu, mara 27. Na nguzo zenyewe hulipa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulipima na kukuta kuwa kuandaa jino kwa kofia kamili huondoa asilimia 63 hadi 72 ya sehemu yake iliyo juu ya ufizi. Gamba gumu la jino likichongwa halioti tena.

Kwa jino lililovunjika, gharama hiyo mara nyingi ni halali, kwani kofia huliokoa. Lakini leo wapo vijana wetu wanaofunga safari kwenda nchi za bei nafuu, wakachongwa meno mazima kinywa kizima ili yawe meupe na sawasawa. Wamerudi kule kwa mabibi wa Kietruski. Tofauti ni kuwa kofia huchakaa na hubadilishwa, na kijana wa miaka 25 ana miaka mingi ya kubadilisha.

Basi, ndugu, kabla ya kukubali mashine iguse jino, tuulize: jino hili lina ugonjwa gani? Je, kuliziba hakutoshi? Pengo haliwezi kuzibwa kwa skrubu ya titani mfupani, njia iliyoanza kutumika kwa mgonjwa mwaka 1965 huko Uswidi, bila kuchonga majirani? Daktari mwema hatachukizwa na maswali hayo. Fundi wa daraja hukagua nguzo kwanza, na nguzo zetu tumezaliwa nazo.